Kompyuta Zilipopigwa Marufuku

Mwaka 1965 Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, ilifunga kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500. Nembo yake ilikuwa ya kampuni ya Uingereza, lakini mashine yenyewe ilibuniwa Marekani na kampuni ya RCA. Januari mwaka huo Tanzania iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani. Desemba ikavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia. Kompyuta haikuguswa. Iliendelea na kazi za Hazina kama kawaida.

Kilichoiponza teknolojia hiyo hakikuwa ugomvi wa mataifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilijaribu kuhamishia hesabu zake kwenye mashine mpya za ICL, kampuni ya Uingereza pia. Kazi ikaharibika, hesabu zikavurugika, na makarani wakarudishwa kwenye njia za zamani. Fedha za kigeni nazo zilikuwa haba. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini.

Watu wa Kasulu na Kibondo, kwenye nyanda za Kigoma, hawakusikia kishindo chochote cha marufuku hiyo. Miaka hiyohiyo Waha wa nyanda hizo walikuwa wakihamishiwa vijiji vipya vya ujamaa, na operesheni nzima iliendeshwa kwa karatasi na kalamu. Hapo ndipo ilipo siri ya marufuku ile: serikali iliweza kuifungia mlango kompyuta kwa sababu daftari lilikuwa bado hai, na mtu wa kuliandika alikuwepo.

Miaka ya 1980 marufuku ikalegea, mashine zikaingia kwa vibali. Kwenye nyanda za Kigoma kompyuta ikaja kutumika kusajili wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta, Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipofurika. Shirika la UNHCR husajili wakimbizi kwa programu iitwayo proGres, iliyotengenezwa kwa msaada wa Microsoft. Mama anayefika na watoto huulizwa majina, wazazi na kijiji alikotoka; karani huandika, kisha ukoo mzima hukaa ndani ya mfumo ambao haukubuniwa Kibondo wala Dodoma.

Serikali haikurudia amri ya 1974. Ilichagua kujenga vya kwake na kuweka masharti. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao kazi ya kusimamia mifumo ya taasisi za umma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ikaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi.

Sasa mataifa makubwa yanafungiana milango. Februari 2025 Australia ilizuia DeepSeek, programu ya akili mnemba kutoka China, kwenye vifaa vya serikali yake. Australia inaweza kukataa ya China ikatumia ya Marekani bila kazi kusimama. Halmashauri ya Kasulu, ikikatazwa zote mbili, itahitaji kitu cha tatu mkononi. Mwaka 1974 kitu hicho kilikuwepo: karani mwenye kujua hesabu. Atakayeandika marufuku ijayo aanze kwa kuhakikisha kwamba mtu wa namna hiyo bado yuko ofisini, au mfumo wa nyumbani unaoweza kushika nafasi yake.