Mwendo na umbali

Mkazi wa Kiseke, wilayani Ilemela, mkoani Mwanza, akiulizwa Dar es Salaam ni umbali gani, huenda akajibu kwa saa: mwendo wa saa moja na nusu kwa ndege, wala hajakosea, kwa kuwa mwendo hubeba kasi, safari na urefu wa njia kwa pamoja. Umbali, neno lililotokana na mbali, hupima nafasi tu: kutoka kiwanja cha ndege cha Mwanza, kwa njia fupi inayofuata mviringo wa dunia, ni kilomita 850 hivi, sawa na maili 460 za baharini, zenye mita 1,852 kila moja. Masafa, neno la Kiarabu, lingefaa pia, ila redio imeliteka kwa mawimbi yake.