Sanduku, Rafu, Hema: Safari Ndefu ya Vitabu vya Watoto Hadi Nduta

Oktoba 2015 kambi ya wakimbizi ya Nduta, wilayani Kibondo, mkoani Kigoma, Tanzania, ilifunguliwa kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa miaka ya 1990, wakati Warundi walipokimbia vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Amani iliporejea, wengi wakarudi kwao na kambi ikafungwa. Safari hii kilichowakimbiza ni ghasia zilizoanza Burundi Aprili 2015. Kambi ya Nyarugusu, iliyoko Kasulu na iliyokuwa imejengwa kwa ajili ya Wakongo tangu 1996, ilifurika kwa miezi michache tu. Nduta ikapokea waliozidi, na kufikia 2017 ilikuwa na watu zaidi ya 120,000, zaidi ya nusu yao wakiwa watoto. Madarasa yalianza chini ya miti, juu ya udongo mwekundu wa Buha, nchi ya Waha, wanafunzi wakiingia kwa zamu.

Mtoto wa Nduta anasoma kwa mtaala wa Burundi. Nyumbani anazungumza Kirundi. Darasani anakutana na Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Mwenzake wa kijiji cha jirani, Mtanzania, anazungumza Kiha nyumbani na kusomeshwa kwa Kiswahili. Kiha na Kirundi zinakaribiana kiasi kwamba bibi wa Kibondo na mama aliyetoka Ruyigi, Burundi, wataelewana sokoni bila mkalimani. Kwa hiyo watoto hao wawili, waliotenganishwa na sheria inayomtaka mkimbizi aishi ndani ya eneo alilopangiwa, wana jambo moja kubwa wanaloshirikiana: kitabu cha hadithi cha Kiswahili kwa wote wawili ni kitabu cha lugha ya pili, na hawataweza kukizoea wasipokuwa nacho mkononi.

Nimekuwa nikifuatilia kwa muda mrefu jinsi vitabu vilivyosafiri kutoka pwani na Nairobi hadi mikoa ya mbali kama Kigoma. Historia hiyo ina mambo ya kujivunia. Ina pia pengo moja, ambalo nitalieleza kwa kirefu kwa sababu naamini linazibika.

Mwanzo wake ni sanduku. Mwaka 1948 serikali za kikoloni za Kenya, Uganda na Tanganyika zilianzisha East African Literature Bureau, makao yake yakiwa Nairobi chini ya Charles Richards. Ofisi hiyo ilichapa vitabu vya Kiswahili na lugha nyingine za wenyeji, na pia ilituma masanduku ya vitabu kwenye vituo vya jamii na kuwaazima wasomaji kwa njia ya posta. Mtu aliyekaa mbali na mji aliweza kuandikia, akapokea kitabu, akakirudisha, akapata kingine. Walionufaika zaidi walikuwa watu wazima: walimu, makarani, wauguzi, makatekista. Mtoto alisoma kilicholetwa na mwalimu wake. Aliyebahatika alikutana na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka 1952, au tafsiri za hadithi za Kizungu zilizokuwa zikipita mkono kwa mkono hadi majalada yanang'oka.

Mwaka 1960 mkutubi Sydney Hockey aliandika ripoti iliyoshauri kila nchi ya Afrika Mashariki iwe na bodi yake ya maktaba. Tanganyika ilipopata uhuru ilichukua ushauri huo bila kuchelewa. Sheria ya bodi ilipitishwa 1963, na mkutubi Max Broome akapewa kazi ya kuijenga huduma ya maktaba kutoka chini kabisa. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, kwenye barabara ambayo leo inaitwa Bibi Titi Mohamed. Mwaka huohuo, Aprili 2, shirika la kimataifa la vitabu vya watoto, IBBY, lilikuwa limeanzisha Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto. Sidhani kama kuna aliyezipanga tarehe hizo mbili ziwe katika mwaka mmoja, lakini zinaonyesha fikra ya wakati ule: kwamba mtoto ni msomaji kamili, astahiliye rafu zake na viti vyenye kimo chake. Ezekiel Kaungamno, Mtanzania aliyefuata katika uongozi wa huduma hiyo, aliisukuma iende mikoani, na baadaye Kigoma mjini ikapata maktaba yake ya mkoa.

Hapo katikati likaja wimbi lililobadilisha hesabu zote. Sensa ya 1967 ilionyesha kuwa kiasi cha watu wazima 67 katika kila 100 hawajui kusoma wala kuandika. Kampeni ya elimu ya watu wazima, iliyofanyiwa majaribio Kanda ya Ziwa kwa msaada wa UNESCO, ikaenea nchi nzima pamoja na maktaba za vijiji. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilisema wasiojua wamebaki chini ya asilimia 10. Azimio la Musoma la 1974 nalo likaamua kila mtoto aingie shule ya msingi. Nchi maskini ikawafundisha watu wake kusoma kwa muda wa chini ya miaka 20. Kizazi changu hakina haki ya kulichukulia jambo hilo kirahisi.

Ila watu walipokwisha kujua kusoma, vitabu vikaisha. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta, uhaba wa fedha za kigeni na wa karatasi vilikausha mitambo ya uchapaji. Uchapaji wa vitabu vya shule ulikuwa mikononi mwa mashirika ya umma, nayo yalikuwa hoi. Wanafunzi watano, sita, wakainamia kitabu kimoja cha kiada. Kitabu cha ziada, kile cha hadithi ambacho hakina mtihani ndani yake, kikawa anasa. Maktaba za vijiji zikabaki na vijitabu vya kilimo na afya ambavyo kila mtu alikwishavisoma.

Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulizaliwa 1991 kutokana na njaa hiyo, kwa msaada wa shirika la CODE la Canada. Mpango wake ulikuwa wa busara. Mwandishi analeta mswada, mchapishaji wa Tanzania anauchapa, na mradi unaahidi kununua sehemu kubwa ya nakala na kuzigawa shuleni na maktabani. Mchapishaji hapati hasara, mwandishi analipwa, mtoto anapata kitabu chenye majina na mazingira anayoyajua. Waandishi kama Elieshi Lema, aliyetuandikia Safari ya Prospa, waliwaonyesha wenzao kwamba kumwandikia mtoto ni kazi ya fasihi inayodai ustadi wote wa mwandishi.

Kisha mradi ukagundua jambo lililoubadilisha. Vitabu vilifika shuleni na watoto wengi hawakuweza kuvisoma. Wengine waliweza kutamka maneno bila kujua yanasema nini. Walimu wengine walivifungia kabatini visichafuke. Ndipo 1997 ulipoanza mpango wa usomaji: kuwafundisha walimu jinsi ya kusoma hadithi na watoto, kuweka kona ya vitabu darasani, kuwauliza watoto wanadhani nini kitafuata. Likaja pia hema la usomaji, ambalo Baraza la Maendeleo ya Vitabu Tanzania, BAMVITA, na wenzake wa Kenya na Uganda waliliendeleza. Hema husimikwa uwanjani, mikeka hutandikwa, vitabu humwagwa katikati, na watoto wa shule kadhaa huja kusoma, kusimuliwa, kuchora na kuigiza walichosoma. Mbinu hii imeenea bila kelele katika Afrika Mashariki, na kwangu ndiyo bora kuliko zote tulizowahi kubuni, kwa sababu ndani ya hema mtoto anajibu.

Wazee wetu walilijua hilo. Msimulizi hakuanza hadithi kabla ya kusema "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!" Watoto walikatiza, walisahihisha, walikataa mwisho wasioupenda na kudai usimuliwe upya. Warundi na Waha nao wana vitendawili vyao vya mwito na kiitikio, na moto wa jioni ulikuwa mahakama ya hadithi. Tulipoihamishia hadithi kwenye karatasi tulimnyamazisha msikilizaji.

Fungua jalada la nyuma la kitabu chochote cha zamani cha maktaba ya umma. Utakuta karatasi iliyogandishwa kwa gundi, yenye safu za tarehe zilizopigwa muhuri, nyingine zimepauka, nyingine zimepigwa upande. Kila tarehe ni siku ambayo kitabu kilitakiwa kurudi. Karatasi ile inakueleza kitabu kiliazimwa mara ngapi na kililala rafuni miaka mingapi. Haina nafasi ya mtoto kusema kama alikipenda, alichoka ukurasa wa ngapi, au ni nani ndani ya hadithi alimkera. Tangu masanduku ya 1948 tumejenga njia ya kitabu kumfikia mtoto, na tumehesabu vizuri. Njia ya neno la mtoto kurudi kwa mkutubi, kwa mchapishaji na kwa mwandishi hatukuijenga.

Wengine waliijenga, na bila utajiri mkubwa. Huko Clamart, kiunga cha Paris, maktaba ya watoto iliyofunguliwa 1965 na kuongozwa na Geneviève Patte iliwafanya watoto kuwa washauri wa vitabu, wakivijadili na wakutubi kama wenzao. Tangu 1988 Ufaransa ina Prix des Incorruptibles, tuzo ambayo watoto wenyewe husoma vitabu vilivyochaguliwa, huvijadili darasani, kisha hupiga kura. Mwandishi anayeshinda anajua ameshinda kwa wale aliowaandikia.

Fikra kama hiyo ilifika karibu nasi mwaka 2014, shirika la Ufaransa la Bibliothèques Sans Frontières, ambalo jina lake lina maana ya maktaba zisizo na mipaka, lilipopeleka Burundi maktaba ya masanduku iliyosanifiwa na Philippe Starck. Yanafunguliwa na kuwa ukumbi wenye vitabu, kompyuta, kamera na hata jukwaa dogo la maigizo. Yalipelekwa kwenye kambi za wakimbizi wa Kongo, ili watoto wasome na pia watengeneze hadithi zao. Mwaka mmoja baadaye watoto wa Burundi iliyowapokea Wakongo wale walikuwa wanavuka mpaka kuja Kigoma, wao sasa wakiwa wakimbizi.

Upande wa Tanzania mkoa wa Kigoma haukukaa bure. Tafiti za Uwezo, zinazopima watoto wanajua kusoma na kuhesabu kiasi gani, zilizoanza 2010 zilishtua nchi kwa kuonyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Kigoma ikawa miongoni mwa mikoa iliyoingizwa katika mpango wa EQUIP-T kuanzia 2014, kwa fedha za Uingereza, ulioleta vitabu vya hadithi kwa madarasa ya mwanzo na kuwaandaa kwa hadithi na michezo watoto ambao Kiswahili si lugha yao ya nyumbani. Huyo ndiye mtoto wa Kibondo na Kasulu hasa.

Sasa mfikirie mtoto huyo amemaliza kijitabu cha Sungura aliyekula mavuno ya wenzake. Ukimwuliza maswali ya mtihani atakupa majibu ya mtihani: mhusika mkuu ni nani, funzo ni nini. Mwulize angempa rafiki yake akisome au la, na kwa nini, utaona uso unavyobadilika. Mmoja atasema Sungura ana akili. Mwingine, ambaye ametoka kupalilia mahindi asubuhi hiyohiyo, atasema Sungura ni mwizi na kitabu kinamsifu mwizi. Watabishana, watarudi kwenye kurasa kutafuta ushahidi, na hapo watakuwa wamesoma kitabu mara ya pili bila kulazimishwa. Uhakiki wa vitabu huanzia hapo, na mtoto wa miaka tisa anauweza kwa lugha yoyote. Aanze kwa Kiha au Kirundi kama ndicho kinachomjia, kisha aandike sentensi tatu za Kiswahili.

Vifaa vyake ni daftari moja lililofungwa kwa uzi kwenye meza ya kuazimia, ukurasa mmoja kwa kila kitabu, na mkutubi au mwalimu anayesoma maoni hayo kwa sauti Jumamosi. Mtoto wa Nduta hawezi kufunga safari ya kilomita zaidi ya 200 hadi maktaba ya mkoa, na hata wa Kibondo mjini atashindwa nauli. Kwa hiyo kwao sanduku bado lina kazi, mradi tu lirudi na daftari ndani yake, likisomwa na watoto wa kituo kinachofuata. Kitabu kimoja kinaweza kuzunguka kati ya shule za kambi na shule za vijiji jirani, na watoto wasioruhusiwa kutembeleana wakajibizana kwenye ukurasa mmoja. Tangu urejeaji wa hiari ulipoanza Septemba 2017 maelfu wamekwisha kurudi Burundi. Yupo mtoto ambaye hatakuwepo sanduku litakapozunguka tena, na ndiyo sababu maoni yake yaandikwe muhula huu.

Serikali nayo ina mlango ulio wazi. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa 2023, na baadaye ikajumuisha hadithi za watoto. Majaji wake ni wataalamu ninaowaheshimu. Naiomba Taasisi ya Elimu Tanzania, inayoisimamia, iwaongezee jopo la pili la wasomaji wa shule za msingi: miswada mitano ya mwisho ipelekwe kwao, waisome kwa wiki sita, wapige kura na waandike sababu, na sababu hizo zichapishwe pamoja na matokeo. Jopo hilo lianzie Kibondo, ambako Kiswahili cha mwandishi kitapimwa na watoto wasiokijua tangu kuzaliwa, na shule za Nduta zipewe viti vyao humo.