Kufufuliwa kwa Michoro ya Flash

Tarehe 12 Januari 2021 michoro isiyohesabika iliacha kutembea. Kampuni ya Adobe ilikuwa imetia ndani ya matoleo ya mwisho ya kichezeshi chake cha Flash amri ya kukataa kuonyesha kazi yoyote kuanzia siku hiyo. Mafaili yenyewe hayakufutwa. Yalibaki mazima katika diski za wenyewe. Kilichoondoka ni msomaji wao. Mwanafunzi wa miswada ya Kiswahili ya hati ya Kiarabu haihitaji kuelezwa sana hali hii: karatasi yaweza kusalimika na mchwa, ikakosa wa kuisoma.

Flash ilizaliwa mwaka 1996 kwa jina la FutureSplash Animator, kazi ya Jonathan Gay na wenzake. Mwishoni mwa mwaka huo ilinunuliwa na Macromedia, nayo Macromedia ikaingia mikononi mwa Adobe mwaka 2005. Ilienea kwa sababu ya wepesi wake. Faili lake, lililoitwa SWF, halikuhifadhi kila nukta ya picha, bali maelezo ya mistari na mikunjo pamoja na utaratibu wa kuitembeza. Hivyo katuni nzima iliweza kupita katika laini ya simu ya mwendo wa kobe. Vijana wasio na studio wala mtaji walitunga katuni na michezo, wakaikusanya mahali kama Newgrounds, tovuti ya Tom Fulp. Nyingi za kazi hizo hazikupata kuwekwa katika umbo jingine.

Hatima yake, hata hivyo, haikuamuliwa na sanaa bali na leseni. Kwa miaka mingi maelezo ya muundo wa SWF yalitolewa kwa sharti la ajabu: aliyeyapokea aliruhusiwa kuunda programu za kutengeneza mafaili hayo, asiunde programu ya kuyachezesha. Ni sawa na kumfundisha mtu kuandika na kumkataza kusoma! Watu wa Gnash, mradi wa programu huru ulioanza mwaka 2005, waliteseka kwa sababu hiyo. Wachangiaji wao walitakiwa wawe hawajapata kamwe kusakinisha kichezeshi rasmi, kwa kuwa masharti yake yalikataza kukichunguza kwa ndani. Na katika miaka ile, mjuzi wa kompyuta asiyekuwa nacho alikuwa adimu. Mwezi Mei 2008 Adobe iliondoa sharti hilo. Uamuzi huo haukusudiwa kuwa wasia, lakini ndivyo ulivyokuja kuwa.

Mwaka 2010 Steve Jobs alieleza hadharani kwa nini simu za Apple hazingepokea Flash, na Julai 2017 Adobe ikatangaza kwamba ingeiacha mwishoni mwa 2020. Mwaka huohuo wa 2017 vivinjari vikuu vilikuwa vimeanza kupokea WebAssembly, njia ya kuendesha programu nzito ndani ya kivinjari bila kuipa ruhusa ya kugusa sehemu nyingine za kompyuta. Hapo ndipo ulipopatikana mlango. Ruffle, iliyoanzishwa na Mike Welsh na kuandikwa kwa lugha ya Rust, husoma SWF na kuichora upya. Msomaji hasakinishi chochote. Novemba 2020, kabla ya Flash kuzimwa, maktaba ya Internet Archive ilikuwa tayari imeanza kuonyesha kazi zake kwa njia hiyo.

Ufufuo haukuwa sawa kwa wote. Kazi za awali zilirudi mapema. Zile za ActionScript 3, lugha ya amri iliyotoka mwaka 2006 na kuhitaji mtambo wake wa pekee, zilikawia. Na michezo iliyotegemea seva ya mwenyewe, ikiwa seva hiyo imekwisha kuzimwa na haina nakala, hufunguka hadi ukurasa wa kukaribisha, kisha hubaki ikisubiri jibu.