Picha za majira ya kupukutika majani kwenye Blue Ridge Parkway

Blue Ridge Parkway ni barabara ya mandhari nchini Marekani yenye urefu wa kilomita 755 (maili 469). Inafuata migongo ya milima ya Blue Ridge, ambayo ni sehemu ya safu ya Appalachia, katika majimbo ya Virginia na North Carolina. Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Septemba hadi mwanzo wa Novemba, wapiga picha husafiri juu yake kwa gari ili kupiga picha za misitu ambayo majani yake yamegeuka kuwa ya njano, ya machungwa na mekundu.

Barabara hii inaunganisha Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah upande wa kaskazini na Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains upande wa kusini. Iko chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani. Haina mabango ya biashara, malori ya mizigo hayaruhusiwi kupita, na mwendo wa juu kwa sehemu kubwa ni kilomita 72 kwa saa. Mahali hutajwa kwa nguzo za maili, ambazo huhesabiwa kutoka 0 kaskazini hadi 469 kusini.

Jina la majira

Vitabu vingine vya Kiswahili huyaita majira haya "vuli". Jina hilo humchanganya msomaji wa Afrika Mashariki, kwa kuwa kwetu vuli ni mvua fupi za kati ya Oktoba na Desemba, wakati ambapo miti huchipua badala ya kupukutika. Ndiyo sababu makala hii inatumia jina refu zaidi.

Kwa nini majani hubadilika rangi

Jani ni la kijani kwa sababu ya klorofili, ambayo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula cha mti. Siku zinapokuwa fupi na usiku kuwa baridi, mti huacha kutengeneza klorofili mpya na ile ya zamani huvunjika. Hapo huonekana karotenoidi, yaani rangi za njano na machungwa ambazo zilikuwemo ndani ya jani muda wote lakini zilifunikwa na kijani.

Rangi nyekundu ina asili nyingine. Mwishoni mwa majira tabaka la seli hujengeka kwenye shina la jani na kuziba njia, hivyo sukari hubaki ndani ya jani. Kwa sukari hiyo jani hutengeneza anthosianini, ambayo ni nyekundu au ya zambarau. Mchana wenye jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha huongeza wekundu. Mawingu ya siku nyingi huupunguza, na barafu ya mapema huweza kuua majani yakawa ya kahawia kabla ya wakati wake. Kwa hiyo miaka haifanani, na hakuna anayeweza kutaja tarehe kamili ya rangi miezi mitatu kabla.

Msomaji wa Tanzania au Zambia anaweza kulinganisha na misitu ya miombo, ambayo nayo huwa myekundu kabla ya mvua. Tofauti ni kwamba wekundu wa miombo ni wa majani machanga yanayochipua, na wa Blue Ridge ni wa majani yanayokaribia kuanguka. Katika hali zote mbili ni anthosianini.

Kila mti una rangi yake. Liriodendron tulipifera na miti ya jenasi Carya hutoa njano. Acer rubrum, Nyssa sylvatica na Oxydendrum arboreum hutoa nyekundu. Mialoni hugeuka mwishoni, mara nyingi kwa rangi ya kahawia au nyekundu iliyofifia. Kwenye vilele virefu iko miti ya jamii ya misonobari, hasa Picea rubens na Abies fraseri, ambayo hubaki kijani mwaka mzima.

Rangi hushuka mlima

Jambo la kwanza ambalo mpiga picha anapaswa kulielewa ni kwamba rangi haitokei barabara nzima kwa siku moja. Barabara huanzia kimo cha mita 198 kwenye mto James huko Virginia na kufikia mita 1,845 karibu na kilele cha Richland Balsam, North Carolina (maili 431). Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 0.6 za selsiasi kwa kila mita 100 za kupanda. Aliyewahi kupanda basi kutoka Mombo kwenda Lushoto ameihisi tofauti hiyo mwilini. Kwa Richland Balsam na bonde la James, tofauti ni karibu nyuzi 10.

Matokeo yake ni kwamba majani hugeuka kwanza kileleni, na rangi hushuka polepole. Juu ya mita 1,500 huanza mwisho wa Septemba na wiki ya kwanza ya Oktoba. Kwenye vimo vya kati ni katikati ya Oktoba. Mabondeni ni mwisho wa Oktoba hadi mwanzo wa Novemba. Mahali pamoja rangi bora hudumu siku chache tu, na upepo mkali wa usiku mmoja unaweza kuimaliza. Lakini anayefika na kukuta vilele vimebaki matawi matupu hajachelewa: ateremke mita 400 au 500, na mara nyingi ataikuta. Wageni wengi hufanya kinyume, wakiendesha maili 100 kwenye kimo kilekile wakitafuta kitu kilichokuwa chini yao.

Kuna siku ambapo mteremko mmoja huonyesha hatua zote pamoja: miti mitupu juu, wekundu katikati, kijani chini. Kwa maoni ya mwandishi, picha ya namna hiyo humfundisha mtazamaji zaidi ya picha ya mti mmoja mwekundu.

Mahali panapojulikana

Graveyard Fields (maili 418.8) ni bonde la juu lenye vichaka na maporomoko ya maji. Liliungua vibaya mwaka 1925 na msitu wake bado ni mfupi, hivyo mwanga huingia vizuri. Ni kati ya sehemu za kwanza kugeuka. Price Lake (maili 297) hupendwa kwa taswira ya miti katika maji asubuhi kabla ya upepo. Rough Ridge (maili 302.8) ina njia fupi ya miguu inayofika kwenye miamba iliyo wazi. Kwenye Richland Balsam huonekana vigogo vya kijivu vilivyokufa wima. Hiyo ni Abies fraseri iliyoshambuliwa na mdudu Adelges piceae kutoka Ulaya. Wengi huiepusha katika picha zao, ingawa ni sehemu ya kweli ya mlima huo.

Mwanga na kamera

Milima hii imelala kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki, kwa hiyo vituo vingi vya kutazama mandhari vinaelekea ama mashariki ama magharibi. Vya mashariki vinafaa alfajiri, vya magharibi vinafaa jioni. Katikati ya Oktoba jua huchomoza mnamo saa moja na nusu asubuhi. Baada ya usiku mtulivu hewa baridi hukusanyika mabondeni na kuleta ukungu, na vilele huonekana kama visiwa.

Rangi ya bluu iliyoipa milima jina lake inatokana na kutawanyika kwa mwanga hewani, kukisaidiwa na kemikali iitwayo isoprini inayotolewa na miti yenyewe. Lenzi ndefu hukusanya safu za milima karibu karibu, kila ya nyuma ikiwa hafifu kuliko ya mbele.

Jua kali la mchana si rafiki, isipokuwa unapolielekea na kupiga jani likiwa limepenywa na mwanga kutoka nyuma. Siku ya mawingu ndiyo nzuri kwa ndani ya msitu na kwenye maporomoko, ambapo stendi ya kamera na mwendo wa shata wa robo sekunde hadi sekunde moja huyafanya maji yaonekane laini. Kichujio cha polaraiza huondoa mng'ao juu ya majani, hasa yaliyolowa, na hakuna programu ya kompyuta inayoweza kurudisha rangi iliyofichwa na mng'ao huo. Kwa lenzi pana kitumike kwa uangalifu, maana huweza kuacha anga lenye doa jeusi upande mmoja.

Wekundu huzidiwa na mwanga mapema kuliko rangi nyingine, hivyo ni heri kupunguza mwanga kidogo kuliko kuuzidisha. Mizani ya rangi iwekwe kwenye alama ya jua, kwa kuwa ile ya kujiendesha huona uvuguvugu wa rangi kuwa kosa na kuusahihisha. Simu nyingi hufanya kinyume, zikiongeza wekundu ambao haukuwepo.

Mandhari iliyotengenezwa

Picha za barabara hii huonekana kama za pori tupu, lakini pori hilo lilipangwa. Ujenzi ulianza Septemba 1935, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na msanifu mandhari Stanley Abbott alichagua wapi miti ifunguliwe ili dereva aone bonde na wapi ifunge. Mpaka leo miti hukatwa mbele ya vituo ili visizibwe. Wacherokee wa North Carolina walipinga njia ya kwanza iliyopangwa kupita katika bonde lao, na njia ikabadilishwa.

Kinu cha Mabry (maili 176) ni kati ya mahali panapopigwa picha zaidi. Kilijengwa na Ed Mabry mwanzoni mwa karne ya 20. Nyumba yake halisi, ya mbao na ghorofa mbili, ilibomolewa na wasimamizi, na baadaye kibanda cha magogo kikaletwa kutoka kwingine kwa sababu kilionekana cha kimilimani zaidi. Anayekipiga picha na kuandika "maisha ya kale" anarudia uamuzi wa ofisi.

Mpiga picha mmoja alibadilisha barabara yenyewe. Hugh Morton, mmiliki wa Grandfather Mountain, alipinga kwa miaka mingi njia iliyotaka kukata mlima huo juu. Suluhisho lilikuwa daraja la Linn Cove (maili 304), lenye urefu wa mita 379, lililojengwa kwa vipande 153 vya zege ili miamba isiguswe. Lilipofunguliwa mwaka 1987 barabara ikakamilika, miaka 52 baada ya kuanza.

Usalama na kufungwa kwa barabara

Hakuna kituo cha mafuta kwenye barabara yenyewe. Kuna mahandaki 26, na taa za gari ziwashwe ndani yake. Gari linalosimama liondoke kabisa kwenye lami. Mtu anayesimama katikati ya barabara kwenye kona ili apate picha anahatarisha maisha yake na ya dereva anayekuja huku akitazama majani. Droni haziruhusiwi.

Kimbunga Helene cha Septemba 27, 2024 kilileta maporomoko ya ardhi na kuangusha miti mingi, na barabara nzima ikafungwa mwanzoni mwa majira ya rangi. Sehemu za Virginia zilifunguliwa mapema, na sehemu nyingi za North Carolina zilibaki zimefungwa kwa miezi mingi. Idara ya hifadhi hutoa ramani ya sehemu zilizo wazi, nayo itazamwe kabla ya kupanga safari.