50mm f/1.8: Venye Utapima Lenzi Kabla Hujatoa Doo

Mwaka jana nilipata mboka ya kupiga picha za ruracio. Wiki hiyo nilikuwa nimetoka kununua 50mm f/1.8 ya mkono wa pili, ngiri 15. Nilikuwa nimeipima kwa kumpiga muuzaji picha mbili. Nikacheki kwa kioo cha kamera, nikaona nyuma kumekuwa na ule ukungu mtamu, nikatoa doo.

Siku ya sherehe nikapanga familia nzima mstari mmoja. Shosh wa bibi harusi alisimama mwisho kushoto. Kwa kila picha ya kikundi, shosh ametoka kama mtu unamwona kupitia glasi ya maji, na mjomba wa mwisho kulia yuko wazi mpaka unahesabu vifungo vya shati. Baadaye mteja akataka picha ya shosh ikuzwe iwekwe kwa fremu. Haikuwezekana. Nilirudisha nusu ya malipo, lakini siku yenyewe hairudishwi.

Hiyo kasoro ningeiona kwa dakika tano kama ningejua pa kuangalia. Kwa hivyo kama uko na kamera isiyo na kioo ndani, zile wasee huita mirolesi, na unasaka lenzi yako ya kwanza ya f/1.8, soma hii kwanza.

Kwani f/1.8 ni nini?

Hiyo namba inaonyesha ukubwa wa tundu la mwanga. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Chukua mfano wa Canon R50. Mara nyingi huuzwa na lenzi ya 18-45mm, na ukivuta mpaka 45mm tundu lake haliwezi kupita f/6.3. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 12 ya hiyo. Kwa sebule yenye balbu moja, picha iliyokuwa inataka sekunde 1/10, ambayo mtu akicheka tu imeharibika, sasa unaipiga kwa 1/125. Ndio maana 50mm f/1.8 hukuwa lenzi ya kwanza ya wasee wengi.

Mpangilio wa vioo ulio nyuma ya lenzi nyingi za aina hii ni wa kitambo. Unatoka kwa Planar, lenzi ambayo Paul Rudolph aliichora akiwa Zeiss mwaka wa 1896. Haihitaji vioo vingi, kwa hivyo inaweza kutengenezwa kwa bei ya chini.

Lakini namba moja isikudanganye. Canon RF 50mm f/1.8 ilitoka 2020 kwa dola 199, uzito gramu 160, vioo 6 ndani. Nikon Z 50mm f/1.8 S ilitoka 2018, uzito gramu 415, vioo 12. Zote zimeandikwa f/1.8 na zinaingiza karibu mwanga ule ule. Tofauti iko kwa kona za picha, kwa rangi za pembeni na kwa mota ya fokasi. Namba inakuambia kiasi cha mwanga tu. Ubora lazima uupime mwenyewe.

Anza na kamera yako

50mm huitwa lenzi ya kawaida kwa kamera ya sensa kubwa, yaani fulu fremu. Kwa sensa ndogo ya Canon kama R10 na R50, inaona kama 80mm. Kwa sensa ndogo za Sony, Nikon na Fujifilm, inaona kama 75mm. Hiyo ni poa kwa sura ya mtu mmoja, lakini ndani ya bedsitter utarudi nyuma mpaka mgongo uguse mlango na bado watu watatu hawaingii. Kama sensa yako ni ndogo na unataka lenzi ya kila siku, tafuta 35mm hivi. Fujifilm XF 35mm f/2, kwa mfano, ina gramu 170 na inaona kama 52mm.

Vipimo vya kufanya dukani

Beba kamera yako, kadi ya memori na lapi. Usiamini kioo cha kamera, juu kwa hako kaskrini kila picha hukaa fiti.

*1. Tochi.* Toa lenzi kwa kamera, fungua tundu lote, umulike na tochi ya simu kutoka nyuma huku ukiangalia mbele. Punje chache za vumbi si noma, hazionekani kwa picha. Nyuzi kama za buibui ni fangasi, na hiyo lenzi iache hapo hapo. Fangasi hupenda unyevu, kwa hivyo ukinunua iliyokaa Pwani, mulika mara mbili. Angalia pia pete ya mbele ya kufungia filta. Ikiwa imebonyea, hiyo lenzi ilianguka.

*2. Kona nne.* Hiki ndicho kipimo nilichoruka. Bandika kurasa za gazeti ukutani, moja katikati na moja kila kona ya fremu. Simama mita 2 hivi, kamera ikiwa sambamba na ukuta, piga kwa f/1.8 na kwa f/4. Kona zote nne zikiwa laini kidogo kwa f/1.8, hiyo ni kawaida ya lenzi ya bei ya chini, na kwa f/4 zinafaa kukaza. Lakini kona moja au upande mmoja ukibaki na ukungu na zingine ziko sawa, kuna kioo ndani kimekaa upande. Hiyo huwezi kurekebisha kwa programu yoyote.

Unataka kuwa na uhakika? Geuza kamera juu chini upige tena kutoka pale pale. Ukungu ukihamia gazeti la upande ule mwingine, shida ni lenzi. Ukibaki kwa gazeti lile lile, ni wewe ulisimama vibaya.

*3. Fokasi.* Mwambie beshte asimame mita moja na nusu. Weka fokasi ya jicho, f/1.8, piga picha 10. Halafu aje akitembea kuelekea kwako, piga 10 zingine. Kuza kila moja kwa lapi uangalie kope. Kamera hizi hupima fokasi kwa sensa yenyewe, kwa hivyo ule ugonjwa wa kamera za zamani wa fokasi kutua mbele au nyuma ya pale ulipolenga umepungua sana. Lakini lenzi inaweza kuchelewa au kuzunguka ikitafuta. Mimi nikipata chini ya 8 kati ya 10 kwa mtu aliyesimama tu, naishia.

*4. Rangi za uongo.* Piga matawi ya mti mbele ya anga nyeupe, au cheni inayong'aa, kwa f/1.8. Utaona mistari ya zambarau na kijani kwa kingo. Kidogo ni kawaida na hupungua ukifika f/2.8. Ikiwa imejaa mpaka kwa nywele za mtu, jua utakesha ukihariri.

*5. Taa za usiku.* Lenga kitu cha karibu, nyuma kuwe na taa za mathree. Katikati taa zitakuwa duara, pembeni zitakuwa kama jicho la paka. Ukifunga tundu kidogo, lenzi nyingi zenye visu 7 hutoa duara lenye pembe. Hapa hakuna sahihi wala kosa. Cheki tu kama macho yako yanapenda.

*6. Sauti.* Kama unapiga video za TikTok au YouTube, rekodi dakika moja ndani ya chumba kimya ukihamisha fokasi kutoka karibu hadi mbali. Sikiliza. Mota ya Sony FE 50mm f/1.8, kwa mfano, inasikika kwa maiki ya kamera. Cheki pia kama fremu inavimba na kusinyaa fokasi ikihama.

Usiilaumu lenzi bure

Kuna makosa matatu ambayo ni yetu. La kwanza, kwa fulu fremu, ukiwa mita 1 na f/1.8, sehemu iliyo wazi ni kama sentimita 4 tu. Jicho likiwa wazi, sikio limeenda. Ukipiga watu wengi, funga mpaka f/4 au f/5.6.

La pili, lenzi nyingi za hii bei hazina kizuia mtikisiko, na R50 na R10 pia hazina ndani ya mwili. Mtu akisogea, usiende chini ya 1/125.

La tatu, ukiona mistari meusi kwa picha chini ya taa za LED, hiyo ni stima. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Rudi kwa shata ya 1/50 au 1/100 na mistari itapungua au iishe kabisa.

Sasa ununue gani?

Kama unapiga sura za watu, chakula na video fupi, hizi za bei ya chini zinatosha kabisa. Katikati huwa wazi hata kwa f/1.8, na sura ya mtu hukaa katikati. Kama mboka yako ni makundi, majengo au picha za kuchapishwa kubwa, kona zina maana, na hapo ndipo lenzi nzito ya bei ya juu inajilipia.

Iwe mpya au ya mkono wa pili, ipime. Hata dukani, lenzi mbili kutoka boksi mbili zinaweza kutofautiana. Muuzaji akikuambia hakuna muda wa kubandika magazeti, mshukuru uende duka linalofuata. Tao kuna maduka mengi.

Mimi siku hizi kurasa tano za gazeti hukaa kwa begi ya kamera. Na kwa picha ya kikundi, shosh namweka katikati.