Picha ya ukuta mzima

Picha ya ukuta mzima ni picha mnato iliyokuzwa na kuchapishwa katika mikanda mipana ya karatasi, kitambaa au plastiki, ambayo hubandikwa ubavu kwa ubavu mpaka ikafunika ukuta wa chumba kutoka darini hadi sakafuni. Hutofautiana na picha ya fremu, inayotundikwa na kushushwa wakati wowote, na vilevile na mchoro wa ukutani, unaopakwa kwa mkono juu ya lipu yenyewe.

Ufundi huu ni wa zamani kuliko kompyuta. Katika miaka ya 1930 mafundi wa Ulaya na Marekani walikuza picha kwa kumulika negativu juu ya karatasi kubwa zilizopakwa dawa inayohisi mwanga, na mwaka 1933 msanifu majengo Le Corbusier alifunika kwa picha za namna hiyo ukuta wa Pavillon Suisse, bweni la wanafunzi mjini Paris. Kati ya mwaka 1950 na 1990 kampuni ya Kodak ilionyesha ndani ya stesheni ya Grand Central, New York, mfululizo wa picha za rangi zilizomulikwa kwa nyuma, zenye upana wa mita 18 hivi na kimo cha mita 5.5. Afrika Mashariki nayo ilijua hamu ya mandhari kubwa, kwani studio za picha zilitundika nyuma ya mteja pazia lililochorwa bustani, ndege au jiji. Ila huko mtu alisimama mbele ya mandhari kwa dakika chache ili apigwe picha, ilhali mwenye picha ya ukuta mzima huishi nayo.

Jambo linaloamua kama picha inafaa ni hesabu kabla ya uzuri wake. Picha ya dijitali imeundwa kwa pikseli, yaani nukta ndogo za rangi zilizopangwa kwa safu, na picha ya kamera ya megapikseli 12 huwa na takriban pikseli 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo. Ikitandazwa juu ya ukuta wa sebule wenye upana wa mita 4, kila pikseli huchukua milimita 1, na kwa kuwa jicho lenye afya hutenganisha nukta za ukubwa huo mpaka umbali wa mita 3 na nusu hivi, aliyeketi mbali zaidi ya hapo huona picha laini, naye anayepita kando ya ukuta huona ukungu. Ukuta huohuo ukiwa na kimo cha mita 2.5, nusu mita ya picha hukatwa, kwa sababu kwa kipimo hicho picha nzima ina kimo cha mita 3. Programu za kukuza picha hulainisha kingo za pikseli, lakini haziwezi kurudisha kwa uhakika undani ambao kamera haikuunasa. Picha iliyopokewa kwa WhatsApp mara nyingi imeshapunguzwa pikseli zake, hivyo faili linalopelekwa kwa mchapaji liwe lile la asili.

Wengi hutamani kukuza picha ya uso wa mpendwa, na hapo ndipo ukuta huwa mkali. Uso wenye kimo cha mita 2 huonyesha kila kasoro ya lenzi, hutobolewa na swichi na soketi, na kidevu chake huishia nyuma ya kochi. Mandhari ya bahari, msitu au mtaa wa zamani huvumilia zaidi, maana sehemu ya chini ikifichwa na samani hakuna kinachopotea.

Kabla ya picha kubandikwa, ukuta nao hutayarishwa: lipu mpya ya saruji huachwa ikauke kwa wiki nne au zaidi. Katika nyumba za pwani, hasa zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unyevu unaopanda kutoka ardhini huleta chumvi nyeupe inayosukuma gundi na kubambua karatasi. Ukuta wa namna hiyo hauna dawa ya juujuu, na ni heri kuuacha bila picha mpaka chanzo cha maji kizibwe. Ukuta mkavu huzibwa nyufa, hupigwa msasa, hufutwa vumbi na kupakwa praima, yaani rangi ya msingi inayozuia gundi isinywewe na lipu.

Kwa kuwa kuta nyingi hazijanyooka, picha huchapishwa ikiwa na ziada ya sentimita kadhaa kila upande. Fundi hupiga mstari wa wima kwa timazi na kufuata mstari huo katika mkanda wa kwanza, asiamini kona ya chumba, kwani mkanda wa kwanza ukipinda hata kidogo, upeo wa macho katika picha ya bahari huvunjika kwenye kila kiungo. Mapovu ya hewa husukumwa kwa brashi kutoka katikati kwenda pembeni, na ziada hukatwa kwa wembe mkali, kwani wembe butu huchana karatasi iliyolowa. Mikanda yote huchapishwa kwa mkupuo mmoja, maana mkanda uliorudiwa baadaye unaweza kupishana kidogo na wenzake kwa rangi. Mpangaji asiyeruhusiwa kugusa ukuta wa mwenye nyumba huchapisha kwenye kitambaa na kukitundika kwa fito mbili, moja juu na nyingine chini.