Kosa na Hitilafu: Historia Fupi ya Ukadiriaji wa Kihisabati kati ya Nakivale, Kaberebere na Mbarara

Kaberebere ni mji mdogo wa wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, ulioko kati ya Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi hayo yalianza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na baadaye Wakongo, Warundi na Wasomali. Mbarara nayo ilipata Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia mwaka 1989. Hivyo, katika eneo hili hukutana mikondo miwili ya elimu ya hisabati: wa Kiingereza uliojengwa Uganda, na wa Kifaransa uliojengwa Kongo, Rwanda na Burundi. Makala haya yanatetea hoja kwamba Kiswahili kina uwezo wa kufafanua msingi wa ukadiriaji kwa namna ambayo lugha hizo mbili hazikuurahisisha.

Mkondo wa Uganda ulikua chini ya mitaala ya Uingereza. Chuo cha Makerere kiliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Kabla ya vikokotoo kuenea, mwanafunzi alitegemea majedwali ya logi ya tarakimu nne. Humo alisoma kwamba logi ya 2 ni 0.3010 na ya 3 ni 0.4771. Alipozijumlisha ili apate logi ya 6, jibu lilikuwa 0.7781, lakini jedwali lile lile liliandika 0.7782. Hakuna aliyekosea. Kila thamani ilikuwa imekadiriwa hadi nafasi nne za desimali, na vipande vidogo vilivyoachwa vilijitokeza katika jumla.

Vikokotoo viliyaondoa majedwali madarasani, ila havikuliondoa suala lenyewe. Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda liliundwa mwaka 1983. Katika mtihani wake wa hisabati wa kidato cha sita, karatasi ya pili huziweka mbinu za kinamba pamoja na mekanika na takwimu. Chuo kikuu huendeleza mbinu hizo hadi kwenye milinganyo isiyo na jibu kamili la kuandikika.

Mfano wa msingi ni kipeuo cha pili cha 10. Chukua kisio 3, ligawe 10 kwa hilo, kisha tafuta wastani wa 3 na jibu la mgawanyo: unapata 3.1667. Ukirudia hatua hiyo mara moja tu, unapata 3.16228, ilhali thamani halisi huanza na 3.162277. Utaratibu huu ulijulikana tangu Heron wa Aleksandria, na ni sura mahususi ya njia ambayo vitabu vya Kiingereza huiita ya Newton na Raphson, kwa kumkumbuka Joseph Raphson aliyechapisha kazi yake mwaka 1690. Aliyesoma kwa Kifaransa mara nyingi huijua kwa jina la Newton peke yake, na huandika 3,1667 kwa mkato, maandishi ambayo msomaji wa Uganda huweza kuyaelewa vibaya.

Tofauti hizo za alama husahihishwa upesi. Lililo zito ni jina la ile tofauti kati ya kadirio na thamani halisi. Kiingereza na Kifaransa huipa neno lile lile linalotumika kwa mtu aliyekosea. Mwalimu akilitafsiri kuwa "kosa", mwanafunzi huliona kuwa aibu ya kufichwa. Hunakili tarakimu zote za kikokotoo bila kueleza ni ngapi za kuaminika. Daraja au kipimo cha dawa kikitegemea hesabu hiyo, ukimya wake huwa hatari.

Kiswahili kina maneno mawili. "Kosa" ni la mtendaji, na huondolewa kwa kusahihishwa. "Hitilafu" ni ya njia na ya tarakimu zilizokatwa. Haiondolewi, bali hupimwa na kuwekewa mpaka. Istilahi za hisabati zinapotungwa, mpaka huo kati ya maneno haya unastahili kulindwa, na mwanafunzi afunzwe tangu mwanzo kuandika hitilafu kando ya kila jibu la kukadiria.